Wakati Usiorudi: Fizikia, Jukwaa na Rasimu za "Copenhagen"

Imekuwa ada miongoni mwa baadhi ya wahakiki wa tamthilia, na hata miongoni mwa wanafunzi wetu waandikao tasnifu, kwamba kila waonapo mchezo usiofuata mpangilio wa kawaida wa wakati, husema mtunzi wake ameathiriwa na fizikia ya kisasa. Matokeo yakionyeshwa kabla ya chanzo chake, hutajwa Einstein. Jukwaa likiwa tupu, bila ukuta wala mlango, hutajwa kwanta. Kauli za namna hiyo hupendeza masikioni, lakini hazimsaidii msomaji kujua ni nini hasa kilichotoka katika maabara ya mwanafizikia kikaingia katika mwili wa mwigizaji. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni tamthilia ya Copenhagen ya Mwingereza Michael Frayn, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika National Theatre, London, mwaka 1998. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, fizikia ndani yake si mada tu, bali ni kanuni ya uigizaji. Pili, tumewahi kujaribu kuzitafsiri sehemu zake kwa Kiswahili pamoja na wanafunzi, na jaribio hilo likatufunulia dosari ambayo hatukuwa tumeiona tulipoisoma kwa Kiingereza.

Kabla ya kuiingilia tamthilia yenyewe, yafaa tuondoe dhana mbili potofu.

Ya kwanza ni kudhani kwamba kila tofauti ya kuhesabu wakati ni ule uhusianifu wa Einstein. Mswahili huanza kuzihesabu saa za mchana kunapopambazuka, ilhali Mwingereza huanza hesabu yake usiku wa manane. Kwa hiyo saa moja asubuhi ya huyu ni saa saba ya yule. Tumewahi kusoma insha ya mwanafunzi mmoja, mwerevu kwa kweli, iliyodai kwamba hapo tayari pana nadharia ya uhusianifu katika lugha yetu. Hapana. Hapo pana majina mawili ya dakika ile ile, na watu wawili wenye majina hayo hawatakosana juu ya lini basi limeondoka kituoni. Alichokisema Einstein mwaka 1905 ni jambo la ajabu zaidi: kwamba matukio mawili yanayotokea mahali mbalimbali yaweza kuwa ya wakati mmoja kwa mtazamaji aliyesimama, yasiwe ya wakati mmoja kwa mtazamaji aliye katika mwendo, na wala hakuna saa kuu popote ulimwenguni ya kuwaamua. Tofauti hiyo haihisiki katika mwendo wa basi, na haihisiki kamwe ukumbini, ambamo mwigizaji na mtazamaji wametengana kwa hatua chache tu. Tukisema kwa ukali wa kisayansi, basi, hakuna mchezo uliowahi kuathiriwa na uhusianifu kama jiwe liathiriwavyo na mvutano wa ardhi. Kinachoathiriwa ni fikira za mtunzi. Anachokichukua kwa mwanafizikia ni sitiari, na sitiari huhukumiwa kwa sheria za sanaa.

Dhana ya pili ni kwamba fizikia hutangulia, jukwaa likafuata. Husemwa mara kwa mara kuwa jukwaa la sanduku, lile lenye fremu mbele na pazia, ni jukwaa la Newton, kwa kuwa nafasi yake ni tupu, imepimwa, na inamngoja mtu aingie ndani. Lakini Teatro Farnese wa Parma, nchini Italia, wenye fremu kama hiyo, ulijengwa mwaka 1618. Kitabu cha Newton kilichoeleza nafasi kamili na wakati kamili kilitoka mwaka 1687. Maseremala na wachoraji wa majukwaa walikuwa wamekwisha kuifanya nafasi kuwa sanduku tupu miongo kadhaa kabla Newton hajaandika neno juu yake. Hatusemi kwamba Newton alijifunza kwa maseremala. Twasema tu kwamba mhakiki anayetaka kuthibitisha athari hana budi kuonyesha njia iliyopitiwa, na asitosheke na mfanano.

Katika karne ya 20 njia hiyo wakati mwingine huonekana wazi. J. B. Priestley, katika tamthilia yake Time and the Conways ya mwaka 1937, alitumia mawazo ya J. W. Dunne, mhandisi wa ndege aliyekuwa amechapisha kitabu juu ya ndoto na wakati mwaka 1927. Sehemu ya kwanza ya mchezo ni mwaka 1919, katika karamu ya kuzaliwa. Sehemu ya pili ni mwaka 1937, jamaa ile ile ikiwa imesambaratika. Sehemu ya tatu inarudi karamuni. Nadharia ya Dunne haikupata kukubaliwa na wanafizikia, na hata hivyo sehemu ya tatu bado inauma. Kwa nini? Kwa sababu wahusika wamerudi 1919, lakini hadhira haikurudi. Hadhira imekaa kitini saa nzima na zaidi. Imekwisha kujua nani atakufa na nani atafilisika. Na kila kicheko cha karamuni kinaiumiza. Tunaomba msomaji aishike tofauti hii, kwa maana ndiyo nguzo ya makala haya: katika tamthilia yoyote mna wakati wa hadithi, ambao mtunzi aweza kuupindua apendavyo, na mna wakati wa ukumbi, ambao hakuna awezaye kuurudisha nyuma hata kwa dakika moja. Taa zimekwisha kuwaka, tikiti imekwisha kukatwa, mwigizaji amekwisha kutoka jasho.

Sasa tuingie katika Copenhagen. Mnamo Septemba 1941, Werner Heisenberg, Mjerumani, alisafiri hadi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark uliokuwa umetekwa na jeshi la Hitler, akaonana na mwalimu na rafiki yake wa zamani, Niels Bohr. Heisenberg wakati huo alikuwa miongoni mwa wanasayansi wakuu wa mradi wa Kijerumani wa kutafiti nguvu za atomu. Walizungumza kwa faragha, na mazungumzo hayo yakauvunja urafiki wao. Baada ya vita kila mmoja aliyaeleza kwa namna yake. Frayn anawaleta jukwaani Bohr, mkewe Margrethe, na Heisenberg, wote watatu wakiwa wamekwisha kufa, ili wajaribu kujibu swali moja: Heisenberg alikuja kufanya nini? Wanaiigiza ziara hiyo upya mara kadhaa. Kila jaribio wanaliita rasimu, kama watu waandikao makala ya kisayansi. Heisenberg anakuja, anakanyaga changarawe, anapiga kengele, wanasalimiana, wanatoka kwenda kutembea, wanarudi na uso umebadilika. Rasimu inashindwa. Wanaanza tena.

Hapa ndipo fizikia inapokuwa kanuni ya uigizaji. Maelekezo ya jukwaani ni haba mno katika maandishi ya tamthilia hii. Mtunzi hasemi mtu asimame wapi. Mwelekezi Michael Blakemore, aliyeiongoza London na baadaye New York, alitumia jukwaa tupu lenye viti vitatu, na waigizaji wakawa wanazungukana kama chembe zinavyouzunguka moyo wa atomu. Katika maonyesho ya New York ya mwaka 2000, baadhi ya watazamaji waliketishwa juu ya jukwaa lenyewe, nyuma ya waigizaji, mfano wa baraza la wazee wasikilizao kesi. Jambo hilo si pambo. Mtazamaji wa mbele alimwona Bohr, na nyuma ya Bohr akawaona watazamaji wenziwe wakimtazama Bohr kutoka upande wa pili, wakiona kisogo pale yeye alipoona uso. Kila mtu ukumbini akatambua, bila kuhubiriwa, kwamba anatazama kutoka mahali fulani, na kwamba hakuna kiti cha kutazamia kila kitu. Ukumbi wa wafalme wa Italia ulikuwa na kiti kimoja ambacho mandhari yote ilipangwa kwa ajili yake. Hapa kiti hicho hakikuwapo.

Nadhani hapo tamthilia imefaulu kabisa. Kilichochukuliwa kwa mwanafizikia kimegeuzwa kuwa mpangilio wa viti, hatua na migongo, na mtu asiyejua lolote juu ya kwanta ataupokea kwa macho yake.

Mambo yanakuwa magumu tunapotoka kwenye viti tukaingia kwenye maneno. Kanuni iliyompa Heisenberg sifa, aliyoitangaza mwaka 1927, yasema kwamba kadiri tunavyojua kwa usahihi zaidi mahali ilipo chembe, ndivyo tunavyopoteza usahihi wa kuujua mwendo wake, na kinyume chake. Katika Kijerumani Heisenberg alisitasita kuipa jina. Alitumia Ungenauigkeit, ambalo ni upungufu wa usahihi, na pia Unbestimmtheit, ambalo ni hali ya kitu kutobainishwa. Katika Kiingereza lilishika neno jingine, ambalo maana yake ni kutokuwa na hakika, na kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1930, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Chicago, kilisaidia kulieneza. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba maneno haya si visawe. Kutokuwa na hakika ni hali ya mtu: mimi sina hakika, ingawa jambo lenyewe laweza kuwa liko wazi kama mchana. Kutobainika ni hali ya jambo: hata angetazama malaika, hakuna cha kuonwa hapo. Tulipoanza kutafsiri, mwanafunzi mmoja aliandika "kanuni ya shaka", mwingine akaandika "kanuni ya kutobainika", na ubishi wao ulichukua kipindi kizima. Nilikuwa na haja ya kuendelea na ukurasa uliofuata. Leo nashukuru kwamba hawakuniruhusu.

Frayn analijua tatizo hili, na amelizungumzia katika maelezo yaliyochapishwa pamoja na tamthilia. Hata hivyo, katika mchezo wenyewe anateleza kutoka neno moja hadi jingine. Anaanza na chembe ambayo haina mahali paliopambanuka mpaka ipimwe. Kisha anakuja kwa mtu, naye Heisenberg, ambaye nia yake haijulikani na wengine. Kisha anafika kwa mtu ambaye nia yake haijulikani hata na yeye mwenyewe. Na mwisho hadhira inaachwa ikiwaza kwamba pengine hakukuwa na nia yoyote iliyobainika. Kwamba nia ya mtu, kama elektroni, haipo mpaka iulizwe. Hatua mbili za kwanza twaweza kuzikubali. Ya mwisho ni kubwa kupita kiasi, na imepigwa gizani.

Mfano mmoja wa mchezo wenyewe utasaidia. Mna sehemu inayofananisha njia ya chembe na mtu apitaye usiku barabarani. Chini ya taa anaonekana; akipita, anamezwa na giza; chini ya taa ya pili anaonekana tena. Mtazamaji huunganisha nukta hizo akasema ameona mtu akitembea, kumbe ameona mtu chini ya taa, na tena mtu chini ya taa. Kiswahili kilitupa hapo zawadi ambayo Kiingereza hakina. Tunazo ngeli tatu za mahali: pa- ya mahali dhahiri, ku- ya mahali pasipo dhahiri, na m- ya ndani. Chini ya taa mtu yupo. Baina ya taa na taa yuko. Msomaji wetu aliyesoma kwa sauti "yupo... yuko... yupo..." aliwafanya wasikilizaji wacheke kwa furaha ya kuelewa, na nathubutu kusema kwamba hakuna aya ya ufafanuzi ambayo ingelifanya jambo hilo vizuri zaidi.

Lakini na tuwe waangalifu. Hatudai kwamba wahenga waliotuachia ngeli za mahali walijua kwanta. Tuna mfano wa kutuonya. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliyaazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayajengea nadharia kwamba fikira ya asili ya Mwafrika karibu haina wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake wa sarufi aliutoa katika Kikamba na Kikuyu. Kiswahili kilichomwazima maneno hayo kina kiambishi -ta- ambacho hakiulizi ni siku ngapi: -ta- hiyo hiyo itumikayo kwa chai ya jioni hutumika kwa Siku ya Kiyama. Sarufi haituambii watu wanaamini nini juu ya ulimwengu. Inatuambia tu ni wapi msemaji analazimika kuchagua, na mfasiri hujifunza mengi mahali anapolazimishwa kuchagua.

Sisi tulilazimishwa mara tatu, na mara ya tatu ndiyo iliyotuletea makala haya.

Mara ya kwanza ilikuwa juu ya -ka-. Tulianza kwa kufasiri rasimu ya kwanza ya ziara kama hadithi: alikuja, akapiga kengele, akaingia, wakasalimiana. Maneno yalitiririka vizuri. Tulipofika rasimu ya pili, -ka- ilitugomea. Kiambishi hiki hukiegemea kitendo kilichotangulia. Hutaka kile cha kwanza kiwe kimekwisha kuthibiti ndipo kije cha pili. Huwezi kusema "akapiga kengele" juu ya kuja ambako umekwisha kukufuta. Mwanafunzi aliyesoma nafasi ya Margrethe ndiye aliyependekeza hu-: Heisenberg huja, hupiga kengele, huingia. Sote tulinyamaza. Hu- haina nafsi wala haina wakati. Ni kauli ya mambo yafanywayo siku zote na yasiyokwisha kufanywa. Ni kauli iwafaayo mizimu. Tukaichukua.

Mara ya pili ilikuwa juu ya neno "hakika", nasi tumekwisha kulieleza.

Mara ya tatu ilikuwa juu ya -nge- na -ngali-. Sarufi zetu za zamani hutofautisha vikali: -nge- kwa sharti ambalo bado lina uwezekano, au la wakati uliopo; -ngali- kwa sharti ambalo wakati wake umekwisha kupita, na mlango wake umefungwa. Wasemaji wengi wa leo, hasa huku bara, huchanganya viwili hivi, au wameiacha -ngali- kabisa. Mimi mwenyewe, niseme kweli, huichanganya ninapozungumza sokoni. Katika kutafsiri Copenhagen haiwezekani kuchanganya, na sababu yake ni mtoto.

Mwaka 1934, Christian, mwana mkubwa wa Bohr, alitupwa baharini na wimbi walipokuwa katika mashua pamoja na baba yake, akafa maji. Tamthilia inakirudia kisa hiki mara kwa mara, kwa vipande vifupi, katikati ya mazungumzo ya hesabu na mabomu. Wimbi linakuja. Mtoto yuko majini, anaona boya, analinyoshea mkono. Baba alitaka kujitosa, wenziwe wakamzuia. Na hapa lipo jambo ambalo wahakiki wengi wa tamthilia hii wamelipita haraka: ziara ya 1941 ina rasimu tatu, lakini mashua haina rasimu hata moja. Wahusika ambao wana uhuru wa kuirudia jioni moja ya Septemba kwa kila namna, waliokufa na kwa hiyo hawafungwi na saa yoyote, hawathubutu hata mara moja kuiigiza mashua kwa namna nyingine. Kila inaporudi, inarudi ile ile.

Tukapata basi: Heisenberg angesema hivi, Bohr angemjibu vile, wangerudi nyumbani wakiwa marafiki, hizo ni -nge-, kwa maana jukwaa limeuacha mlango wazi na rasimu nyingine inakuja. Lakini: Bohr angaliruka, wangalizama wote wawili. Hiyo ni -ngali-, wala hapana njia nyingine. Mwanafunzi mmoja, wa kutoka pwani, alisema nyanya yake asingekubali "angeruka" kwa mtoto aliyekwisha kuzikwa. Kuisikia -ge- ile, alisema, ni kama kumwambia mama aliyefiwa kwamba jeneza bado halijafungwa.

Kiingereza cha Frayn hutumia umbo moja kwa mambo yote mawili. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza hupita kutoka sebuleni hadi mashuani bila kuhisi kizingiti, na ukungu wa sebuleni huingia mashuani, na uchungu wa mashuani huingia sebuleni ukaupa ukungu ule heshima usiyostahili. Twaanza kumhurumia Heisenberg kwa machozi tuliyomlilia Christian. Sisemi kwamba Frayn alikusudia hila. Nasema kwamba lugha yake haikumlazimisha kuchagua.

Je, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba ziara ya 1941 nayo ilitokea. Haikuwa elektroni. Watu wawili walisema maneno fulani, na maneno hayo, yakiisha kusemwa, yakawa ya upande wa -ngali-. Mwezi Februari 2002, miaka minne baada ya tamthilia kuonyeshwa, jamaa ya Bohr na hifadhi ya nyaraka zake mjini Copenhagen zilitoa hadharani barua ambazo Bohr alikuwa amemwandikia Heisenberg asizipeleke. Nyingi aliziandika baada ya kusoma kitabu cha Robert Jungk kilichomwonyesha Heisenberg kama mtu aliyekuja kwa nia njema. Katika barua hizo Bohr, aliyefariki mwaka 1962, anashikilia kwamba anayakumbuka vema mazungumzo yale, na kwamba Heisenberg alimpa kufahamu kuwa Ujerumani ingeshinda na kwamba chini ya uongozi wake kila jitihada ilikuwa ikifanywa kutengeneza silaha za atomu. Kumbukumbu ya Bohr yaweza kuwa na kasoro, kama ya mtu yeyote baada ya miaka 16. Lakini tazama namna ya ubishi wenyewe: ni ubishi wa mashahidi, na mashahidi huletewa ushahidi. Haukuwa ubishi juu ya jambo ambalo, kwa asili yake, halina jibu. Frayn mwenyewe, kwa uungwana, alizizungumzia barua hizo katika maelezo aliyoyaongeza baadaye, ingawa hakuubadilisha msingi wa mchezo.

Bertolt Brecht alikabili jambo la jamii hiyo kwa njia nyingine. Tamthilia yake juu ya Galileo, iliyoonyeshwa kwanza Zürich mwaka 1943, ilimtazama mwanasayansi yule kwa upole kiasi fulani. Baada ya Hiroshima, Agosti 1945, Brecht aliiandika upya, na katika toleo lililoonyeshwa Marekani mwaka 1947 Galileo anajihukumu mwenyewe bila huruma. Brecht naye aliandika rasimu. Tofauti ni kwamba rasimu zake zilikuwa mezani kwake, na kila moja ilifika jukwaani ikiwa imekwisha kuamua.

Na sisi tunaye Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, aliyechapishwa mwaka 1969. Hatumtaji kwa ajili ya uzalendo wa kifasihi. Tunamtaja kwa kuwa swali lake ni lile lile: mtu ana ujuzi, au anadhani anao, ujuzi huo unaingia vitani, watu wanakufa, je, alijua? Hussein anamfanya Kinjeketile ayatilie shaka maneno aliyoyasema alipopandwa na pepo. Hapo pana kutokuwa na hakika kwa kutosha. Walakini Hussein hairuhusu shaka hiyo imfute Kinjeketile katika hesabu ya waliokufa. Mwishoni, akiwa mateka, anatakiwa aseme kwamba maji yale yalikuwa uwongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua neno hilo likitoka kinywani litakuwa limetoka, na wajukuu watalikuta. Shaka ni yake yeye. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 havina shaka. Mambo haya mawili Hussein hayachanganyi, na yafaa kukumbuka kwamba aliandika katika lugha yenye -ngali-.

Ipo tamthilia nyingine ya Kiingereza ambayo, kwa maoni yetu, imejifunza somo hili vizuri kuliko Copenhagen ingawa ni nyepesi zaidi. Katika Constellations ya Nick Payne, iliyoonyeshwa Royal Court, London, mwaka 2012, mwanamume na mwanamke wanazirudia pande fupi za maisha yao mara nyingi, kila mara pakiwa na tofauti kidogo, kwa mujibu wa wazo la wanafizikia kwamba yawezekana kuna ulimwengu mwingi sambamba. Ni mchezo mgumu ajabu kwa mwigizaji: ndani ya kufumba na kufumbua lazima aifute hasira aliyokuwa nayo usoni aanze upya na maneno yale yale. Lakini uso haufutiki wote. Mkono uliotetemeka bado unatetemeka kidogo, na hadhira inauona. Hapo wakati wa ukumbi unaushinda wakati wa hadithi, na mtunzi anauacha ushinde.

Tuliisoma tafsiri yetu mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika darasa la kawaida, kwa viti vitatu vya chuma na bila taa maalumu. Watazamaji tuliwaketisha pande mbili, wakitazamana, kwa kuiga mpangilio wa New York. Rasimu za ziara zilisomwa kwa kuzunguka: kila rasimu wasomaji wakabadilishana viti, hata ikawa vigumu kukumbuka nani alianzia wapi. Ilipofika mashua, yule aliyemsoma Bohr alisimama mahali pamoja kila mara, karibu na dirisha, wala hakuna aliyemwelekeza. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Alisema sentensi zile za -ngali- hazikumpa pa kwenda.